Mama kaniuliza: umevuka bahari kwenda kuangalia watu wanafagia?

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo, wana Mtwara na Lindi wote mnaoniangalia, jamani huku Winnipeg, Kanada, leo ni nyuzi 27 chini ya sifuri, ukitoka nje kope zinaganda, kwa hiyo sitoki, nipo na chai yangu na korosho alizonitumia dada, zimebaki kiganja kimoja nazila kwa kuhesabu.

Sasa juzi naongea na mama yuko Mikindani, vidio koli, nyuma yangu tivii inaonyesha kelingi, ule mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu. Mama kanyamaza weee, halafu, "Mwanangu, hao wanawake wazima wanafagia nini?" Barafu, mama. "Barafu? Umevuka bahari yote hiyo kwenda kuangalia watu wanafagia, si ungebaki hapa nikupe fagio la chelewa?" Nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Haya mama, nakujibu. Ule uwanja una urefu kama mita 45, barafu tupu, mwisho kumechorwa duara. Timu ina watu wanne, kila mtu anasukuma mawe mawili kwa kila raundi, na jiwe moja linakaribia kilo 20, yaani ndoo ya maji ya lita 20 imejaa, sukuma hiyo iteleze ikasimame katikati ya duara. Wale wanaofagia wanaipasha barafu moto kidogo, jiwe linaenda mbali na halipindi sana. Na yule aliyesimama kule mwisho anapiga kelele hafagii, ndo skipu, nahodha. Yeye anapanga kila jiwe liende wapi na kwa kawaida yeye ndo anapiga mawe ya mwisho, wenzake wameshatoka jasho yeye akikosea basi, lawama zote zake.

Mimi skipu wangu ni Jennifer Jones, mtoto wa hapahapa Winnipeg, tena ni mwanasheria. Mwaka 2005 fainali ya ubingwa wa Kanada, raundi ya mwisho, wako nyuma 6-4 na jiwe limebaki moja la kwake. Jiwe la mpinzani limekaa katikati limefichwa, moja kwa moja halifikiki. Mmecheza gololi nyie? Unamgonga huyu wa pembeni ili gololi yako irukie kwa yule unayemtaka. Ndo alivyofanya, na jiwe la kilo 20! Kagonga jiwe lililokuwa nje kabisa ya duara, lake likachepuka likaenda kuling'oa lile la katikati, pointi 4 papo hapo, 8-6. Nimeiangalia ile klipu sijui mara ngapi, na kila mara nahisi atakosa.

Siyo malaika lakini. Mwaka 2010 kachukua ubingwa wa Kanada, halafu timu ikamwacha mwenzao Cathy Overton-Clapham wakamchukua Kaitlyn Lawes, maneno yakawa mengi, na mimi mpaka leo naona haikukaa vizuri, mtu mmetoka kushinda wote unamwambiaje kwaheri? Mwaka 2012 goti likafanyiwa operesheni na mwaka huohuo akajifungua, watu wakaona huyu basi tena. Februari 2014 yuko Sochi kwenye Olimpiki, ana miaka 39, kashinda mechi zote 11, dhahabu, skipu wa kwanza mwanamke kumaliza Olimpiki bila kufungwa. Ubingwa wa dunia anao mara mbili, 2008 na 2018, wa Kanada mara sita.

Mi mwenyewe nilienda siku moja ya wanaoanza kujifunza, nikajifanya skipu. Mguu ukateleza nikakaa chini puu, jiwe likaenda peke yake halikufika hata nusu, katoto ka miaka kama nane kakaja kuniinua kananiambia pole.

Alipotangaza 2024 ndo mwisho wake kwenye timu ya wanne akafika fainali ya Kanada tena, Calgary, akafungwa na Rachel Homan 5-4, pointi moja tu. Nililia, mnicheke.

Jana mama kapiga. Hata salamu bado, "Washa hiyo tivii yako, yule mwenye makelele asiyefagia yupo?" Nikamwambia kastaafu mama. Kaguna. "Basi nionyeshe mwingine."