Amri, Ombi na Wasia: Dhamira za Vitenzi Katika Khutba ya Ijumaa

Nimelisema hili mara nyingi na leo nalisema tena, kwa sababu bado naletewa kazi za wanafunzi za aina ileile. Mwanafunzi anachukua khutba ya Ijumaa iliyonakiliwa, anahesabu dhamira za vitenzi, yaani vitenzi vya amri, vya tegemezi (vya kutaka jambo lifanyike, kama "twende") na vya kuarifu, anachora jedwali, kisha anahitimisha kwamba khatibu ni mtu wa kuamrisha tu. Umbo la kitenzi ni jambo moja na kazi yake mimbarini ni jambo jingine. Asiyeyatenganisha hayo mawili hajaisikia khutba, hata kama ameinakili neno kwa neno.

Chukueni kitenzi kimoja: tusamehe. Khatibu yuko kwenye khutba ya kwanza, anazungumzia majirani waliogombania mpaka wa shamba. Anasema: "Ndugu zangu, tusamehe, tusiweke kinyongo." Hapo tu- ni ya mtenda. Sisi ndio wa kusamehe, na kitenzi ni tegemezi. Anakaa kidogo, anasimama kwa khutba ya pili, anafika kwenye dua: "Ewe Mola wetu, tusamehe." Silabi ni zilezile, hakuna hata herufi iliyobadilika. Safari hii tu- ni ya mtendwa. Sisi ndio wa kusamehewa, na kitenzi ni amri.

Najua kuna atakayesema samehe ni kitenzi cha asili ya Kiarabu, hakibadiliki mwishoni, kwa hiyo nimechagua mfano unaonifaa. Haya, chukueni cha Kibantu: ongoza. "Tuongoze familia zetu kwa upole" ni tegemezi. "Tuongoze njia iliyonyooka", tunayoiomba katika Fatiha kila rakaa, ni amri. Amri ikibeba kiambishi cha mtendwa huishia na -e, basi yanatokea yaleyale: tusaidie, tupe, tulinde. Ndiyo maana nawakasirikia wanaoiambia kompyuta iwatafutie vitenzi vyenye -e wakidhani wamepata tegemezi. Wataokota "mcheni Mwenyezi Mungu", ambayo ni amri, na wataviacha tushukuru, tutubu, tusali, tusabiri, ambavyo ni tegemezi kamili na ndivyo khatibu anavyovitumia kila wiki. Yaani mtego unanasa wasiotakiwa na kuwaachia wanaotakiwa.

Sasa nyinyi mnaokaa msikitini mnatofautishaje? Hakuna anayeitikia "Amin" baada ya ile tusamehe ya kwanza. Baada ya ile ya pili, safu zote zinaitikia. Basi hiyo "Amin" ni data! Nanyi mnaponakili kanda mnaifuta, mnaandika khutba kana kwamba khatibu alikuwa peke yake ukumbini, halafu mnashangaa umbo halisemi kitu. Wanazuoni wa balagha, elimu ya ufasaha wa Kiarabu, walikwisha kutupa kipimo: tamko la amri likitoka juu kwenda chini ni amri, likitoka chini kwenda juu ni dua, na baina ya walio sawa ni iltimasi, yaani ombi. Mtoaji ni nani, mpokeaji ni nani: hilo ndilo swali la kwanza, kabla hujagusa viambishi.

Na mafaqihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, nao walilijua. Pwani yetu kwa kiasi kikubwa ni ya madhehebu ya Shafii, na kati ya nguzo tano za khutba kwa Shafii mojawapo ni kuusia takwa, yaani kumcha Mwenyezi Mungu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameandika katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Shafii, kwamba himidi na kumsalia Mtume vina matamshi yake maalumu, lakini wasia wa takwa, kwa kauli sahihi, haufungwi na tamko la wasia. Khatibu akisema "Mtiini Mwenyezi Mungu", imetosha. Akisema "Nakuusieni, na naiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu", imetosha. La kwanza ni amri, la pili kwa umbo ni la kuarifu, na nguzo inatimia kwa yote mawili. Faqihi ametazama kazi. Sisi wa isimu, tunaodai ndio wenye fani, tunatazama mwisho wa kitenzi!

Mtu ataniuliza: kama kazi ni ileile, khatibu anapata faida gani kuchagua? Anapata faida kubwa. "Mcheni" inamweka khatibu upande mmoja na watu upande wa pili. "Tumche" inamshusha akae nao. Ndiyo maana khatibu mzuri wa Kiswahili akisoma aya ya 102 ya Aal-Imran kwa Kiarabu, yenye amri ya wingi, anaiacha amri hiyo ibaki ya Mwenye amri, kisha kwa maneno yake mwenyewe anahamia "tu-". Kwa hiyo hesabu ya amri iliyochanganya za aya na za khatibu haifai kitu. Zile za aya si zake, yeye ni msomaji tu.

Tena msidhani kwamba uzito umo kwenye amri. Katika Hija ya kuaga, mwaka 10 Hijria, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia watu kwamba damu zao na mali zao ni haramu baina yao, kama ulivyo utukufu wa siku yao ile, mwezi wao ule na mji wao ule. Hamna amri hapo wala "msi-". Ni habari, na hakuna katazo zito kuliko hilo. Kisha akauliza: je, nimefikisha?

Muda unanibana. Sura ya Ijumaa yenyewe, aya ya 9 na ya 10: acheni biashara, kisha swala ikiisha tawanyikeni. Zote mbili ni amri. Ya kwanza ni wajibu, na ya pili kwa wanazuoni walio wengi ni ruhusa, kwa sababu imekuja baada ya katazo la biashara. Hakuna anayepata dhambi kwa kubaki msikitini akisoma. Na "msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu" iko kwenye jedwali lenu chini ya makatazo, wakati inamfariji aliyekwisha kukosea. Ya -nge- na maswali nayaacha, yanataka siku yake.

Ila msiupite mwisho wa khutba. Makhatibu wengi hufunga kwa aya ya 90 ya An-Nahl: "Hakika Mwenyezi Mungu anaamuru uadilifu." Neno "anaamuru" lenyewe limekaa katika hali ya kuarifu. Halafu inafuata "mkumbukeni Mwenyezi Mungu, atakukumbukeni", amri inayofanya kazi ya sharti. Halafu "aqimi ssala", yaani "simamisha swala", amri ya umoja. Anaambiwa mmoja tu, muadhini akimu, na msikiti mzima unainuka. Anayetaka kuandika juu ya dhamira na aanzie hapo, na atuletee kanda yenye sauti za watu ndani yake. Haya, maswali.