Mgeni wa Wiki Tano

Mabibi na mabwana, wazee wangu wa Ngamiani hapa Tanga, asalaam alaykum. Nashukuru kwa kahawa na kashata, ingawa naona kashata zimeisha kabla mhadhara haujaanza.

Nimeombwa nizungumzie vituko vya waandishi. Vitabu vyao mtajisomea wenyewe. Mimi nimewaletea habari za waliolazimika kukaa nao nyumba moja.

Ule wimbo wa mgeni sote tumelelewa nao. Siku ya kwanza, mpe mchele na panza. Panza ni yule samaki arukaye, wavuvi wa Sahare wanamjua. Kisha ukarimu unashuka siku hadi siku, hata siku ya kumi ni mateke na magumi. Wimbo unakoma hapo. Mtunzi hakuwaza kuwa yupo mgeni atakayeiona siku ya kumi na moja.

Yupo. Anaitwa Hans Christian Andersen, bwana wa Denmark, yule wa hadithi za watoto. Mwaka 1857 alikwenda Uingereza kumtembelea mwandishi mwenzake, Charles Dickens, akakaribishwa kwa wiki mbili. Akakaa tano!

Asubuhi ya kwanza tu aliuliza ni kijana gani wa nyumba atakayemnyoa ndevu, maana kwao ndivyo mgeni anavyotunzwa. Vijana wa Dickens wakatazamana. Ikabidi apelekwe kwa kinyozi mjini Rochester, kila siku. Fikirini mgeni wenu mnamsindikiza kila asubuhi mpaka kwa kinyozi wa barabara ya kumi na mbili, mwezi mzima na ushee.

Siku moja alikodi gari la farasi, dereva akashika njia asiyoijua. Andersen akaona leo anaibiwa na kuuawa. Akatumbukiza ndani ya viatu vyake saa, pesa, mkasi na ratiba ya treni. Alishuka salama, ila miguu imechubuka. Siku nyingine gazeti lilipoponda kitabu chake, alijitupa kifudifudi bustanini akalia. Mtu wa miaka 52!

Kumbe huyo ndiye aliyesafiri na kamba sandukuni, moto ukizuka ashukie dirishani. Tena aliogopa kuzikwa angali hai, basi usiku huweka karatasi kando ya kitanda, imeandikwa kwamba anaonekana tu amekufa. Sasa wewe mwenyeji umpelekee chai asubuhi, uikute.

Alipoondoka, Dickens aliandika kibandiko akakiweka kwenye kioo cha chumba cha wageni, kwamba Andersen alilala humu wiki tano, na familia iliziona kama karne na karne. Baadaye akaacha kuzijibu barua zake. Mateke na magumi ya Kiingereza ndiyo hayo.

Wengine nitawapitia mbiombio. Byron, mshairi wa Uingereza, alipokuwa Chuo Kikuu cha Cambridge alikatazwa kufuga mbwa chuoni. Akaleta dubu, kwa kuwa sheria haikumtaja dubu. Mwanasheria hana la kusema hapo. Naye Schiller, mshairi wa Ujerumani, aliweka matufaha yaliyooza kwenye mtoto wa meza. Rafiki yake Goethe, mwandishi mwenzake, alikuja kumtembelea, akakaa mezani pale kumsubiri, harufu ikamtia kizunguzungu. Mke wa Schiller akamweleza kwamba mumewe hawezi kuandika bila harufu ile. Mimi namhurumia huyo mama.

Naona mzee pale nyuma amenyoosha mkono. Anauliza, je, sisi Tanga hatuna?

Tunaye, mzee wangu, ila wa kwetu ni mstaarabu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui, alikuwa karani wa serikali, tena wa forodha kwa miaka mingi. Mwaka 1951 kikatoka kitabu chake cha Kusadikika, nchi inayoelea angani, haina hata shubiri moja ya udongo chini yake. Baadaye mtu huyohuyo akaajiriwa ofisi ya upimaji wa ardhi.

Bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, za Kusadikika zingechimbiwa wapi? Wewe afisa ardhi unayecheka hapo mbele, simama utujibu.