Kabla hujanunua spika za bila waya, pima sebule

Karibuni. Leo tunapanga mfumo wa sauti ya kuzunguka, ule wa gharama kubwa, kwa spika zenye amplifaya ndani na zinazopokea sauti kwa mawimbi. Hapa niliposimama ni sebule tupu: upana mita 5, urefu mita 6, kuta za tofali, chini marumaru, juu jipsam. Spika hakuna hata moja, na nimemwomba mwenye nyumba asinunue chochote bado.

Neno "bila waya" limewaponza wengi. Waya ulioondoka ni wa sauti tu. Amplifaya iliyo tumboni mwa spika inakula umeme, kwa hiyo kila spika inataka soketi yake. Hesabu pamoja nami: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, na mbili za pembeni, hizo tano. Sabufa, ile spika ya besi, sita. Kifaa cha kurusha sauti, saba. Runinga, nane. Sebule hii ina soketi mbili. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba ambayo spika zilishafika na rangi ilishakauka, ikabidi ukuta uchimbwe upya. Iliniuma, maana uzi na chaki vingetosha kuepusha hasara ile.

Hatua ya kwanza ni kiti. Sebule zetu nyingi makochi hupangwa kuzunguka kuta. Mgeni anakaa vizuri, lakini sauti inaharibika: besi hujikusanya ukutani, na ukiegemea pale unasikia mngurumo tu, noti hazitofautiani. Katikati kabisa ya chumba nako kuna besi zinazopotea. Kwa chumba hiki nalileta kochi la kusikilizia mita 2 kutoka ukuta wa nyuma. Liongeeni jambo hili nyumbani mapema, kwa sababu ndilo linalozua ubishi kuliko bei.

Hatua ya pili, uzi. Kata uzi wa mita 2.5. Mtu mmoja ashike ncha pale kichwa kitakapokuwa, wewe vuta ncha ya pili uzungushe, ukichora upinde kwa chaki. Juu ya upinde huo weka alama mbili za mbele, kushoto na kulia, zikiwa mita 2.5 kutoka moja hadi nyingine. Ya katikati inakaa kati yake, kwenye upinde uleule. Sasa toka alama ya mbele kushoto, pima moja kwa moja mita 3.2 hadi uukute upinde tena pembeni. Hapo ndipo spika ya pembeni, nyuma kidogo ya sikio. Rudia kulia. Ukipima toka mbele ya kiti, umepata pembe ya digrii 30 kwa spika za mbele na digrii 110 kwa za pembeni, mpangilio uliopendekezwa na ITU, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, kwa mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja. Simamisha video hapa uchore kwanza.

Kama ukuta unakuzuia, sogeza spika karibu na kiti bila kubadili uelekeo wake. Tofauti ya umbali tutairekebisha baadaye. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa, kama mita moja kutoka chini.

Hatua ya tatu, mwite fundi umeme akiwa na mchoro wako. Aweke soketi nyuma ya kila alama, na ahakikishe athi inafanya kazi kweli, maana athi mbovu huleta mvumo na ni hatari. Umeme wetu hupanda na kushuka, kwa hiyo kifaa cha kulinda vyombo kiingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Sasa ndiyo unachagua spika. Katika spika nzuri za aina hii, kila kipaza, yaani kila koni inayotoa sauti ndani ya boksi, kina amplifaya yake, na sauti hugawanywa kidijitali kabla ya kufika kwenye amplifaya. Mfano wa juu kabisa ni BeoLab 90 ya Bang & Olufsen, iliyotoka 2015: vipaza 18, wati 8,200, kilo 137 kwa spika moja. Hiyo ni karibu mifuko mitatu ya saruji, kwa hiyo ukiishi ghorofani fikiria na ngazi.

Uliza pia inatumia njia gani ya mawimbi. Bluetooth iache kwa simu. Mara nyingi huchelewa zaidi ya milisekunde 100, midomo na maneno vikaachana. Mfumo wa WiSA HT, uliotengenezwa kwa ajili ya spika za bila waya, hubeba hadi chaneli 8, yaani 7.1 au 5.1.2 (namba ya mwisho ni spika za juu), na huchelewa takriban milisekunde 5. Unatumia masafa ya gigahezi 5, ambayo ukuta wa tofali huyadhoofisha. Kifaa cha kurusha kikae chumba kilekile, mahali pa wazi, kisifungiwe kwenye kabati la chuma. Kwenye runinga tafuta tundu la HDMI lililoandikwa eARC, linalotoa sauti ya runinga kwenda kwenye kifaa cha kurusha. ARC ya zamani haipitishi sauti ya chaneli nyingi isiyobanwa.

Kabla ya kuwasha, piga kofi moja. Umesikia ule mlio unaobaki hewani? Ni marumaru na kuta tupu. Zulia zito mbele ya kochi na mapazia manene vitakusaidia kuliko kuongeza spika.

Mwisho ni urari. Ingiza umbali wa kila spika kutoka kwenye kiti katika programu ya mfumo wako. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, hivyo kila sentimita 34 ni milisekunde moja. Cheza sauti ya kupimia, sawazisha kila spika ifike desibeli 75 pale kwenye kiti, kisha anza kwa kuipa sabufa kila kilicho chini ya hezi 80. Kuitafutia sabufa mahali, ipandishe kwenye kochi, cheza wimbo wenye besi, nawe utambae kando ya kuta. Pale besi inaposikika sawasawa, noti kwa noti, ndipo itakapokaa.

Ukimaliza, bandika tepu sakafuni kuzunguka kila kitako cha spika. Kesho nyumba itapigwa deki, spika zitasogezwa, na tepu ndiyo itakayozirudisha mahali pake.