Kile kikombe kidogo cha sufuria ya wali msikitupe

Ndugu zangu wa nyumbani, hamjambo? Leo nipo jikoni hapa Osaka na mizani nimeitoa kabatini kwa makusudi. Dada mmoja wa Mbagala ameniuliza: nikisema pilau ya nusu kilo, yeye asiye na mizani achote vikombe vingapi? Dada, kwanza niambie, kikombe kipi?

Tazameni hiki. Kinakuja ndani ya boksi la sufuria ya umeme ya kupikia wali. Huko nyumbani wengi wanakitupa, au kinaishia kwenye ndoo ya unga, halafu mchele unapimwa kwa kikombe cha chai. Hiki kinaingia mililita 180. Ni kipimo cha Wajapani cha tangu enzi, wanakiita go. Nachota, napitisha mgongo wa kisu juu kilima kiondoke, namimina kwenye mizani... haya, gramu 150. Huu ni mchele mfupi wa huku. Mchele mrefu, mathalani basmati, huacha nafasi zaidi kati ya punje, hivyo utapata gramu 140 na ushee.

Kikombe cha mapishi ya Kimarekani ni kama mililita 240, na mchele mkavu humo ni gramu 185 hadi 190. Kwa hiyo ukisoma mapishi yao ya vikombe viwili ukachota kwa hiki changu, umepungukiwa na zaidi ya gramu 70. Hilo ni sahani ya mtoto.

Na ile mistari ndani ya sufuria imechorwa kwa kufuata kikombe hiki hiki. Mstari wa 2 ni maji ya mchele wa vikombe viwili vya namna hii. Ukitia viwili vya chai, ambavyo ni vikubwa zaidi, ukajaza maji hadi hapo, wali unatoka na kiini. Watu wanailaumu sufuria bure!

Huku hesabu ya mchele ina heshima yake. Go 10 ni sho moja, lita 1.8, kama kilo moja na nusu. Go 1000 ni koku moja, karibu kilo 150, na kwa jadi hicho kilihesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Zama za Edo, yaani Japani ya kati ya 1603 na 1868, utajiri wa mabwana wa nchi ulitajwa kwa koku. Sisi pwani tulikuwa na vibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na bado tunapima kwa debe. Hapo muwe macho: debe ni lita 20, lakini mchele unaoingia humo ni kama kilo 16. Lita moja ya mchele haifiki kilo, kwa sababu katikati ya punje kuna hewa.

Sasa dada wa Mbagala, nusu kilo ya mchele mrefu ni vikombe vitatu na nusu vya hiki. Kama ulishakitupa, mwambie mangi akupimie kilo moja kwa mizani. Ukifika nyumbani chota kwa kikombe chako mwenyewe, sawazisha kila mara, hesabu. Chukua 1000 ugawanye kwa idadi uliyopata. Vikitoka vitano, kila kimoja ni gramu 200. Andika hiyo namba ubavuni mwa kikombe kwa kalamu isiyofutika, na kisitoke tena jikoni. Upime kabla ya kuosha, tafadhali, maana mchele uliolowa umeshakunywa maji na uzito umepanda. Maji nayo yapime kwa kikombe hicho hicho, na ukipika wali wa nazi, tui lihesabu ndani ya maji.

Mkishapima niandikieni mchele gani na gramu ngapi: wa Kyela, wa Morogoro, ndugu wa Kenya wa Mwea. Hiyo michele huku siipati, na video ijayo nataka kupanga maji ya pilau kwa namba zenu.