Vigingi Viwili vya Mwalimu

Wakubwa zangu shikamooni. Wanafunzi, hamjambo.

Tangu asubuhi mmemsifu Mwalimu wetu wa michezo anayestaafu: mvumilivu, mama wa wengi, hakuwahi kukosa mazoezi hata siku ya mvua. Yote ni kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyetaja vigingi viwili alivyovifukia chini ya uwanja huu mlioukalia, na ndivyo nitakavyovisema mpaka mnichoke. Wanaonifahamu wanajua wimbo huu. Nitauimba tena, kwa sababu shule nyingi za nyanda hizi bado hazijausikia.

Uwanja wa mpira wa mita 100 kwa 60 unabeba njia ya mbio ya mita 200 yenye leni sita, bila kung'oa goli wala kukata mti. Mwalimu alianzia katikati, pale mpira unapowekwa. Akanyoosha tepu kuelekea magoli yote mawili, akapigilia vipande viwili vya nondo, ndivyo vigingi vyenyewe, kati yake mita 42.83. Kwenye kila nondo akafunga waya wa mita 18 akachora nusu duara, kisha akaunganisha nusu duara hizo kwa mistari miwili iliyonyooka. Kabla ya kumwaga chokaa akapima pembe kwa pembe, zile nne ambapo kona inakutana na mstari ulionyooka. Ulalo wa kwanza mita 55.95, wa pili mita 55.95. Ukikuta moja ni 55.60 na nyingine 56.30, uwanja umelala upande. Ng'oa uanze upya, hata kama jua linazama na watoto wamechoka kushika tepu.

Namwona kijana pale nyuma anapiga hesabu. Vizuri. Duara la mita 18 lina mzingo wa mita 113.10, ongeza mistari miwili, mita 85.66, unapata 198.76. Iko wapi ile mita na ushee? Iko miguuni mwa mkimbiaji. Hakuna anayekimbia juu ya mstari. Pasipo na ukingo ulioinuka, umbali wa leni ya kwanza hupimwa sentimita 20 nje ya mstari wa ndani. Hizo sentimita 20 ndizo zinazoleta mita 1.26 iliyobaki. Shule inayochora mstari wenyewe uwe mita 200 inawakimbiza watoto mita 201.26, halafu inawauliza kwa nini wanachelewa!

Kwa nini waya, na kamba zimejaa stoo? Kamba ya nailoni ukiivuta inarefuka, ya katani ikilowa inabadilika. Kosa la sentimita 10 kwenye kamba linaongeza sentimita 63 kwenye mzunguko mmoja. Likiwa sentimita 30, ni karibu mita 1.9. Binti anayekimbia mita 200 kwa sekunde 28 anapita zaidi kidogo ya mita saba kila sekunde, kwa hiyo umemnyang'anya robo sekunde na hakukosea lolote. Kamba ikiwa fupi ni ukatili wa aina nyingine. Shuleni anaambiwa ni moto wa kuotea mbali, anafika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, uwanja umepimwa sawasawa, anakuwa wa tano. Anarudi akiamini ameshuka, na mguu wake ni uleule.

Halafu leni za nje. Kila leni ina upana wa mita 1.22, na kwa mzunguko mmoja kila mkimbiaji husogezwa mbele mita 7.67 kumpita aliye leni ya ndani yake. Wapo wanaopiga hatua saba na kuridhika. Hata hatua hizo zikiwa mita kamili kila moja, wa leni ya sita atakuwa amewekwa mita 35 mbele badala ya 38.33, na hizo mita 3.33 atazikimbia kwa jasho lake. Mwalimu hapimi kutoka leni jirani. Anapima kila leni kutoka ile ya kwanza, kosa dogo lisirithishwe mpaka likawa kubwa.

Najua jibu linaloandaliwa vichwani mwenu: vipaji havihitaji chokaa, mbona Filbert Bayi alitoka kijijini? Ni kweli alitoka kijijini. Lakini tunamjua leo kwa sababu mwaka 1974, Christchurch, mita 1500 zilikuwa 1500 kweli, na saa ilisema dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Kwenye njia iliyopimwa kwa hatua, mbio zilezile zingebaki hadithi ya kijiweni. Na mwaka 2025 Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni mjini Tokyo, kilomita 42.195, akimpita wa pili kwa sekunde 0.03. Sisi tunagawa robo sekunde kama karanga.

Saa nayo ina makosa yake. Mwanzishaji hugonganisha mbao mbili, na mpima saa amesimama mita 100 mbele. Akisubiri mlio, sauti itachukua karibu sekunde 0.3 kumfikia, na mbio za kila mtoto zitaonekana za haraka kuliko zilivyo. Mwalimu aliwafundisha wapima saa kutazama mbao zinapokutana na kusahau kabisa masikio. Mbao zake moja ameipaka nyeupe na nyingine nyeusi, zionekane hata siku ya ukungu.

Wengine watasema mvua zetu zinazoa kila kitu. Ndiyo, zinazoa chokaa, na zinaizoa Machi na Aprili, wakati hasa wa kujiandaa kwa UMISSETA. Ndiyo maana nondo zimefukiwa sentimita 10 chini ya nyasi, zisimkate mtu mguu, na kila moja imepimwa umbali wake kutoka kwenye nguzo mbili za goli la upande wake. Mvua ikikata, wanafunzi sita, tepu, jembe na ndoo mbili za uji wa chokaa, jioni moja mistari imerudi palepale. Bila vigingi hivyo, kila mwaka ni uwanja mpya, na daftari la mwaka jana halilingani na la mwaka huu.

Nilikusudia kusema juu ya kupokezana vijiti, kwamba kwa mita 100 mara nne eneo la kubadilishana ni mita 30 na anayepokea asigeuze shingo, na juu ya tufe, na mwinuko huu wa mita 1,700 unaofanya muda wa mbio ndefu za Mbeya usilinganishwe na wa Dar es Salaam. Mkuu wa shule ananionyesha saa. Basi.

Nabakiza ombi moja. Ngao mliyompa ni nzuri na kitenge ni kizuri. Lakini daftari lake lenye tarehe, leni, muda, na kama mtoto alikimbia peku au na viatu, lisiingie kwenye sanduku la nyumbani. Lina vipimo vya nguzo hadi kigingi kwenye ukurasa wa kwanza. Na mwalimu kijana aliyepewa michezo asipewe funguo za stoo tu. Mwalimu, naomba jioni hii, kabla hujapakia mizigo, uende naye uwanjani na jembe. Afukue kigingi cha upande wa barabara kwa mikono yake, akione, afunge waya, achore nusu duara moja, kisha akifukie. Wanafunzi sita wa kushika tepu nimeshawaandikisha.