Tujihesabu Kadutu: watu, kipato na nyumba

Wazee wetu wa avenyu, mama zetu, na ninyi vijana, asanteni kwa kufika.

Ukiuliza Kadutu, sehemu hii ya mji wetu wa Bukavu hapa Kongo, ina watu wangapi, hesabu ya kweli unayoweza kuonyeshwa ni ya mwaka 1984. Hiyo ndiyo sensa ya mwisho ya nchi nzima. Wakati ule Bukavu yote, yaani Ibanda, Kadutu na Bagira, ilikuwa na watu wapatao 171,000. Leo tunasikia milioni moja na zaidi, lakini hayo ni makadirio. Aliyezaliwa baada ya mwaka ule hajahesabiwa katika sensa hata mara moja. Kilichobaki ni orodha za wapiga kura, na viti vya bunge hugawanywa kwa orodha hizo. Sasa mtoto wa miaka minane hana kadi ya kura. Benchi lake la shule nani ataliombea, na kwa hesabu gani?

Basi tujihesabu wenyewe, avenyu kwa avenyu, yaani mtaa kwa mtaa.

Kazi ngumu iko kwenye nyumba. Ingia parseli moja, yaani kiwanja kimoja, pale mtaa wa Nyamugo. Mbele kuna nyumba ya mwenye parseli. Nyuma kuna vyumba vya mbao vilivyobanana, kila kimoja na mpangaji wake, na choo ni kimoja kwa wote. Anayepita barabarani ataandika nyumba moja. Ninyi ulizeni nani anapika na nani, nani anakula na nani, mtakuta familia nne. Ulizeni pia ni wangapi walilala humo usiku wa jana, kwa sababu ndugu waliokimbia vijiji wanapokelewa na hawatajwi. Andikeni ukuta ni wa mbao au wa matofali, na kama gari linafika. Kiangazi moto ukiwaka kwenye mbao zile, unaruka paa hadi paa.

Kuhusu kipato, tafadhali msimuulize mtu anapata ngapi kwa mwezi. Mama anayeuza ndagala, wale dagaa, sokoni Kadutu hana mshahara wa mwezi, anaishi kwa mauzo ya siku. Muulizeni jana chakula kilikula franka ngapi, maji alinunua bidoni (madumu) ngapi, na kodi ni dola ngapi. Anauza kwa franka, anadaiwa kwa dola. Franka ikishuka, kodi yake imepanda, na mwenye nyumba hajafungua hata mdomo.

Halafu garanti, yaani pesa ya dhamana ambayo mpangaji humpa mwenye nyumba anapoingia. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Kila mpangaji aseme yeye alidaiwa miezi mingapi. Majibu hayo yatawakera baadhi yetu tuliokaa hapa, na mimi nataka yasomwe kwa sauti hata hivyo.

Jambo moja silegezi: hatuandiki majina wala kabila. Mji huu umeona vita tangu 1996, tunajua orodha ya majina inaweza kufanya nini ikiangukia mikono mibaya. Namba ya parseli inatosha.

Mtakwenda wawili wawili, mmoja awe mwanamke, maana kuna mambo ya nyumbani ambayo mama hamwambii kijana wa kiume. Anzeni na avenyu za juu mlimani, kule udongo unakoporomoka mvua ikizidi. Mfike kabla ya saa moja asubuhi, watu hawajatoka kwenda kutafuta riziki.