Kielelezo kimeliwa

ZUHURA: Haya tumerudi, mnisamehe, Beka anatafuna kwenye maiki.

BEKA: Dagaa za mama yako mdogo hizi dada Zu, haziachiki.

ZUHURA: We! Hicho ni kielelezo cha kesi! Jamani ngoja niwape mkasa. Jumanne nimeshinda kwa mwenyekiti wa mtaa huku Kibirizi, mama mdogo kamshtaki jirani. Si mnaijua ile chanja yake ya turubai la kamba, mvua ikianza anavuta mara moja dagaa zote zimefunikwa? Jirani naye kajenga ileile, mpaka fundo la kamba.

BEKA: Mpaka fundo?

ZUHURA: Mpaka fundo. Na hakatai, anasema nimeiga ila na wewe hukubuni, akaleta mzee wa Ujiji anasema baba yake alikuwa na chanja hiyo toka zamani. Mwenyekiti akasema la mzee wiki ijayo, leo naangalia umeiga au hujaiga.

BEKA: Ujerumani kabisa hiyo! Kesi za hataza za simu, yaani ile haki ya aliyebuni kitu wengine wasimwige, mahakama za Düsseldorf au Mannheim wanaamua umekiuka au la, ila kama hataza yenyewe ni halali hilo mnapelekana Munich, mahakama ya hataza. Unaweza ukazuiwa kuuza simu leo, hataza ikaja kufutwa baadaye. Waingereza wanasikiliza yote pamoja.

ZUHURA: Na wako sahihi. Ona simu za BlackBerry, walioshtaki ni kampuni ya NTP, hawatengenezi hata chaja, wana makaratasi tu ya hataza za barua pepe bila waya. Baraza la wazee wa mahakama huko Virginia likasema 2002 BlackBerry kakiuka, ofisi ya hataza ya Marekani ikaanza kuzikagua upya ikazitilia shaka, jaji akagoma kusubiri, Machi 2006 BlackBerry wakalipa dola milioni 612.5. Kwa hataza zinazoyumba! Beka acha kula.

BEKA: Moja tu. Sasa kama kila mshtakiwa akisema subirini ofisi ikague, kesi itaisha lini? Hataza ni miaka 20, unaizungusha mpaka inakufa. Haijafutwa, iheshimu.

ZUHURA: Ulipie ng'ombe ambaye hajajulikana ni wa nani?

BEKA: Cheti anacho!

ZUHURA: Cheti chenye mashaka.

BEKA: Basi mama mdogo naye amsubiri mzee wa Ujiji.

ZUHURA: Usimwingize mama mdogo.

BEKA: Si umemleta wewe? Kwa BlackBerry unataka uhalali kwanza, kwa chanja unataka jirani abomoe leo leo.

ZUHURA: Mama mdogo hajawahi kukanyaga BRELA wanakosajili hataza, hana hataza, ile ni heshima tu ya ujirani.

BEKA: Umekimbia swali.

ZUHURA: Sijakimbia, nimekataa.

BEKA: Na mimi nimekataa.

ZUHURA: ...Dakika ngapi zimebaki?

BEKA: Mbili. Na tuliahidi mambo matatu ya kujifunza, na ile kesi ya hataza za simu ya kampuni za Unwired Planet na Huawei, mahakama ya juu ya Uingereza 2020 kusema inaweza kupanga bei ya leseni ya dunia nzima...

ZUHURA: Haitoshi, iache. Nipe hizo dagaa, mama mdogo anazitaka wiki ijayo aonyeshe hazikulowa.

BEKA: Zu.

ZUHURA: Nini?

BEKA: Umebaki unga tu.